Evaristo Alirudi na Uso Mwingine

Vijana wangu wa kikundi cha vichekesho hapo Garsen, habari zenu zimenifikia. Mwanahawa wenu, yule aliyekuwa akiigiza mama mkwe mkali, ameolewa Lamu, nanyi mmekaa mmejiinamia, simu mifukoni, mnasema kipindi kimekufa. Kimekufaje? Nani amekizika? Mimi Buya, niliyekula ugali wangu miaka mingi kwa kusimulia vipindi vya watu mpaka simu zenu hizo zilipotufungia kibanda, nawaambia hivi: tafuteni mama mkwe mwingine kesho asubuhi, na akiwa hafanani hata kidogo na Mwanahawa ndiyo vizuri zaidi. Sogeeni niwaeleze ninachokijua. Msinikatize, maana nikianza kucheka nasahau nilipofika.

Kibanda cha video hamkijui ninyi. Chetu kilikuwa cha mabati, nyuma ya maduka, na mwenyewe alikuwa Bwana Shee, mtu wa Kipini aliyependa usafi na kuchukia kelele, na Mungu akampa biashara yenye vumbi na kelele. Kulikuwa na mabenchi, televisheni moja, deki, jenereta iliyonguruma nje, na maiki. Vipindi vilitufikia kwenye sidi kutoka Malindi. Vilikuwa vya Mexico, vya Ufilipino, vya Uturuki, vyote vimetiwa sauti za Kiingereza, na waliokaa kwenye mabenchi hawakuwa na haja na Kiingereza. Walikuwa Waorma waliomaliza shughuli zao mnadani, Wapokomo wa Chara na kwetu Golbanti waliokuja kuuza ndizi na maembe, Wasomali wenye maduka, Wagiriama, na abiria waliosubiri basi. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni nikawaambia kwa Kiswahili kila mtu anasema nini. Wote niliwasemea peke yangu: bibi kizee, jambazi, kasisi, mtoto mchanga, na siku moja farasi.

Maiki ile ndiyo iliyonifanya mtu. Bila hiyo nilikuwa Buya wa migomba ya Golbanti, na akina Buya wa migomba kule ni wengi. Nikiwa nayo nilikuwa Buya wa Maiki, na nikipita sokoni akina mama waliniuliza kama Amparita atapona, kana kwamba nimetoka kumtazama hospitalini.

Kazi nilifundishwa na Karisa, msimulizi wa Malindi aliyekuwa na sauti nzito na kifua chembamba, hata huelewi sauti ilikuwa inakaa wapi. Karisa aliniambia, "Usitazame macho ya mtu, tazama mdomo. Mdomo ukifunga, nawe funga. Mwanamke akilia, nyamaza, kilio watu wanakielewa. Na usile njugu kabla ya kazi." Nilikunywa maji ya vuguvugu na tangawizi kama alivyonielekeza, na njugu sikugusa. Lakini hakunionya kuhusu lafudhi. Wiki ya kwanza nilimpa mwizi wa benki lafudhi ya Kipini, nikiona imemkaa vizuri sana. Bwana Shee akaingia kutoka nje, jasho linamtoka. "Buya, mwizi huyu kwao ni wapi?" Tangu hapo wezi wote wa Mexico walizungumza kama watu wa Golbanti, na mama yangu hakunisamehe haraka.

Basi tuje kwenye hili lenu la watu kubadilishwa. Ukikaa na vipindi muda mrefu unajua nani anaondoka kabla mwenyewe hajajua. Mtu akianza kukohoa, huyo keshakwenda. Akipewa kazi ng'ambo, akakumbatiwa uwanja wa ndege na watu waliokuwa wakimchukia, msimsubiri. Na ajabu ni kwamba mara nyingi kipindi kinanoga baada yake. Tulikuwa na kimoja cha polisi, mkubwa wao ana masharubu makubwa na hajawahi kumkamata mtu. Alipoondoka, kiti chake alikalia yule mama aliyekuwa akipiga taipu pembeni. Loo! Wezi walijaa rumande mpaka tukawaonea huruma. Kingine kilikuwa cha vichekesho, cha Nairobi, na mpishi wa nyumba ile alikuwa akisema neno la kuchekesha kisha anatukodolea macho atungoje. Tulicheka kwa adabu tu. Wakamleta mpishi wa pili, ambaye hakuwa na habari kama anachekesha. Alikuwa anatafuta chumvi. Anafungua kabati hili, anafungua lile, na chumvi iko mkononi mwake, na sisi tuko chini ya mabenchi tunashika mbavu.

Lakini kilichonifundisha hasa ni kile tulichokiita Nyumba ya Amparita. Amparita alikuwa mke wa Evaristo, na Evaristo alikuwa mwanamume mrefu, nywele zinang'aa, aliyesimama ubavu ubavu daima ili tuone pua yake. Kibanda kilijaa kwa ajili ya ile pua. Sasa siku moja sehemu mpya ilichelewa, sidi ikaletwa na basi la mchana watu wakiwa tayari wameketi, nami sikupata nafasi ya kuitazama kwanza. Kazi ya msimulizi bila kutazama kwanza ni kutembea na taa imezimika. Msiifanye.

Sehemu iliyotangulia ilikuwa imeisha Evaristo akienda mjini kuuza farasi. Hii ikaanza, mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mfupi, mnene kidogo, ana upara unaoanza. Akasema, "Mpenzi, nimerudi." Mimi nami kwenye maiki, mdomo unafuata mdomo kama nilivyofundishwa, nikasema, "Mpenzi, nimerudi." Amparita akamrukia shingoni.

Mabenchi yote yakainama mbele.

"Aka!" akasema Mzee Hiribae wa Chara, ambaye benchi la mbele lilikuwa lake na hakuna aliyethubutu kulikalia. "Huyo ni nani?"

"Evaristo," nikasema.

"Evaristo gani?"

Nikageukia televisheni kutafuta jibu. Na kabla sijalipata, mfanyabiashara mmoja wa nguo akapaza sauti kutoka katikati, "Ni ndugu yake! Evaristo amefia mjini, ndugu yake amemrithi mjane!"

"Eee! Amemrithi!" wakaitikia watu, na wote wakapumua. Jambo hilo pale lilikuwa linajulikana na kila mtu, Morma analijua, Mpokomo analijua, Msomali analijua. Mtu akifa, ndugu yake anaiangalia nyumba, watoto wasitawanyike. Hata mimi nilipumua. Nikajiambia, Buya, umeokoka.

Sikuokoka. Mzee Galgalo, dalali wa ng'ombe, mtu wa swala tano asiyekosa hata moja, alisimama taratibu akanielekezea fimbo.

"Na eda?"

"Eda gani, mzee?"

"Eda ya mwanamke! Mume imekufa jana. Leo yeye amevaa nguo nyekundu, amepaka mdomo rangi, ameshika shemeji shingo! Eda iko wapi?"

Hapo ndipo mabati yalipotaka kung'oka. Kila mtu alikuwa na neno. Waislamu wanauliza eda, Wakristo wanauliza mazishi, Mzee Hiribae anataka kujua kwa nini hatukuonyeshwa hata jeneza. "Maiti imelala wapi, Buya? Tumekaa hapa tangu mwezi ule tunamfuata huyu mtu, hata matanga hatuambiwi?" Wengine wakaanza kunyanyuka kwenda kibanda cha ng'ambo ya barabara, kilichoonyesha karate, ambako angalau aliyekufa anaonekana akianguka.

Nikaona nijaribu ukweli. Nikasema kwenye maiki, "Jamani, sikilizeni. Hakuna aliyekufa. Hawa ni waigizaji. Yule wa kwanza ameacha kazi, wamemleta mwingine, jina ni lile lile."

Mzee Galgalo akafikiri. "Kwa hiyo yule ya kwanza hakuwa mume yake?"

"Hakuwa, mzee."

"Na hii?"

"Hata huyu si mume wake."

"Allah! Basi mwanamke ameshika shingo ya wanaume wawili, na hata mmoja si yake!"

Bwana Shee aliingia akanitazama, nami nikajua anachofikiri. Kibanda kikihamia kwenye karate, maiki haina kazi, na Buya wa Maiki anarudi kwenye migomba. Nilikuwa na Kiingereza chote cha kipindi kile kichwani na hakuna hata neno moja lililonifaa.

Ndipo akasimama Mama Hawo. Alikuwa mama wa Kiorma aliyeuza maziwa sokoni asubuhi, na akishamaliza alikuja kibandani na madumu yake matupu, akakaa pembeni mpaka wenzake wa kurudi nao kijijini wawe tayari. Sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu.

"Nyinyi wanaume, kaa chini," akasema. Wakakaa. "Hii kitu mimi najua. Mume yangu Godana, ile kiangazi kubwa, alienda na ng'ombe mbali sana. Akakaa huko mpaka mvua. Siku amerudi, mimi naangalia mlangoni, naona mtu mwingine. Uso ingine. Mwili hakuna, ndevu nyeupe, meno ya mbele hakuna. Anasema, mimi nimerudi. Sasa mimi nilifanya nini? Nilikaa eda? Nilimpa maziwa akakunywa. Asubuhi nikasikia anagombana na mbuzi kama zamani, nikajua ni yeye."

Kutoka benchi la nyuma mkono ukainuka. Alikuwa Godana mwenyewe, aliyekuja kumchukua mkewe. "Meno mbili ziko!" akasema.

Vijana, nimeona vichekesho vingi, lakini kicheko kama kile sijakisikia tena. Mzee Galgalo alikaa chini, fimbo ikamwanguka. Mzee Hiribae alikuwa anajipangusa macho kwa kofia. Na Mama Hawo, akishaona amewapata, akaongeza, "Na hii ya Mexico imerudi nene, inacheka. Yangu ilirudi kavu, imekasirika. Amparita ashukuru Mungu." Waliokuwa wamefika mlangoni wakarudi kugombania viti vyao.

Na Evaristo yule mfupi, jamani! Yule wa kwanza sikumbuki hata siku moja akila. Alikuwa akisimama dirishani tu. Huyu alikaa mezani, akala, akaunguza vidole kwa supu, akamchezea mama mkwe mpaka yule bibi aliyekuwa amenuna tangu mwanzo akacheka akaonekana ana meno mazuri. Hata waigizaji wengine walibadilika kwa sababu yake. Amparita aliacha kulia kila siku. Kumbe alikuwa analia kwa kukosa wa kuzungumza naye! Haikupita hata wiki, akina mama waliokuja kwa ajili ya ile pua walikuwa hawaikumbuki.

Balaa likahamia kwangu. Watu wakaanza kumuuliza Mama Hawo nami nikiwa katikati ya sentensi. "Mama Hawo, yule anasema nini?" Mama Hawo hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini anajibu! Kasisi akipita kati ya familia mbili akiwapa mikono, yeye anasema, "Huyu ni dalali. Angalia mkono, anaficha bei kama mnadani." Nikasema kwenye maiki kwamba kasisi anaombea mvua tu. Nikazomewa. Kibanda kizima kilimtaka dalali, na Mzee Galgalo, ambaye ndiyo kazi yake, alisema anamtambua mwenzake.

Siku hiyo Bwana Shee aliniita nje karibu na jenereta. Akikasirika au akiona haya, Kipini yote ilikuwa inamrudia mdomoni, hata njoo inakuwa ndoo.

"Ndoo, Buya. Kesho maiki mpe Mama Hawo."

"Bwana Shee, Mama Hawo hajui Kiingereza!"

"Nawe hujui kucheka. Mchana mtazame sehemu nzima wawili, umweleze kisa. Kisha asimulie yeye."

"Na mimi?"

"Wewe kaa benchini kama watu."

Niliumia. Sitawaficha, niliumia mpaka nikakosa hamu ya chakula, na mimi chakula sikikosi kwa urahisi. Nilijiona nikipita sokoni na hakuna anayeniuliza habari za Amparita. Nilimwona kila mtu adui, hata Evaristo mfupi, maana yeye ndiye aliyeanzisha mambo haya ya watu kubadilishwa.

Mchana uliofuata tulikaa mbele ya televisheni, mimi na Mama Hawo, madumu kando yake. Nikamweleza kisa nikiwa nimekaza uso. Akayasukuma madumu pembeni, akaniangalia.

"Buya, wewe umekasirika."

"Nimekasirika, Mama Hawo."

"Sawa. Basi niambie, nikosee wapi, ndio wakurudishe wewe?"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, vijana. Alikuwa tayari kuharibu mbele ya watu wote, aende zake na madumu yake, mimi nibaki na maiki. Nilitaka kuendelea kununa nikashindwa. Nikacheka, naye akacheka, tukairudisha sidi mwanzo, nikampa kila nilichopewa na Karisa: maji ya tangawizi, mdomo ukifunga funga, na habari za njugu. Kuhusu mdomo alinijibu pale pale. "Mtu akinyamaza ndio anasema mengi. Mimi sitafunga." Nikamwambia Karisa angezimia.

Saa ilipofika, mabenchi yalikuwa yamejaa hadi watu wanasimama. Nikatafuta nafasi, nikaipata kando ya Godana, aliyenisogezea na kunitabasamia kwa yale meno mawili. Mama Hawo akakaa kwenye kigoda changu. Akaishika maiki kama anayeshika dumu, kwa mikono yote miwili, akasema, "Haya. Jana tuliwaacha wapi hawa wajinga?" Na kibanda chote kikamjibu!

Sikujua kama inaruhusiwa kuwauliza watu kitu. Miaka yote hiyo mimi niliwaambia tu.

Akaendelea hivyo. Evaristo akinyamaza, yeye anasema anachofikiri. Mama mkwe akipita nyuma, yeye anawaonya walio mbele. Nami kwenye benchi mdomo wangu ulikuwa haujapata habari kwamba umestaafishwa, ulikuwa unaendelea na kazi. Evaristo akisema neno, mimi namfuata chini chini kwa tafsiri sahihi kabisa. Mzee Hiribae akageuka na benchi lake zima.

"Buya! Nyamaza tusikie!"

Nikafunga mdomo. Godana akanipiga begani kwa huruma. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikainua macho nikatazama.

Nilimwona Amparita. Nilikuwa nimemsemea kwa miezi, nimemjibia, nimemwombea msamaha, na sikuwa nimemwona, maana nilikuwa nimefundishwa kutazama mdomo, na nilikuwa nikiutazama kutoka ubavuni. Kumbe ana macho makubwa yanayocheka kabla yake. Siku hiyo alikuwa amesimama jikoni akimtazama Evaristo, ambaye hana habari, anapigana na kuku aliyeingia ndani, anamfukuza huku, anatokea kule. Amparita hasemi kitu. Anamtazama tu yule mfupi wake mwenye upara, na kwenye maiki Mama Hawo akasema polepole, "Huyu mwanamke sasa ndio ameolewa." Nilijikuta nacheka na machozi yananitoka, na sikutaka kujua ni ya nini. Furaha iliyonishika pale kwenye benchi sikuwahi kuipata nikiwa kwenye kigoda.

Sidi ilipoisha, wakasimamisha kipindi kidogo waweke ya pili. Bwana Shee akapenya kati ya watu mpaka nilipoketi, akainama, uso umemshuka. Nadhani aliyaona yale machozi akayaelewa vibaya.

"Buya," akasema, "huenda nimekuonea. Maiki ni yako tangu zamani. Ukiitaka sasa hivi, naenda kumwambia Mama Hawo akupishe."

Kule mbele picha ilikuwa imesharudi, na kuku yule alikuwa amepanda juu ya meza.

"Bwana Shee," nikamwambia, "hebu sogea kidogo. Unaniziba."